Kurusha Piper J-3 Cub kwenye simuleta nyumbani: miguu kwanza, mikono baadaye

Piper J-3 Cub haina starta, haina betri, haina redio, haina flapu (vibao vya nyuma ya mbawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua). Ina injini ya Continental A-65 yenye nguvu za farasi 65, viti viwili vilivyofuatana, gurudumu dogo mkiani na geji chache mno. Ilitengenezwa Lock Haven, jimbo la Pennsylvania, Marekani, hadi mwaka 1947. Zilitoka karibu ndege 20,000, na vijana wengi wa Marekani waliojifunza urubani wakati wa Vita Kuu ya Pili walianzia humo.

Anayeiona kwenye simuleta hudhani ni ndege ya kuanzia, kwa kuwa vya kubonyeza ni vichache. Hewani ni kweli. Lakini ikiwa ardhini, inakimbia kwenye njia ya kurukia, ni ngumu kuliko ndege ndogo ya Cessna 172. Cessna ina gurudumu la puani na uzito wake umekaa mbele ya magurudumu makubwa, kwa hiyo ikipinda kidogo hujinyoosha yenyewe. Uzito wa Cub uko nyuma ya magurudumu makubwa. Pua ikikengeuka, mkia unataka kuipita, na usipouwahi ndege inazunguka papo hapo na ncha ya ubawa inakwangua chini. Kinachozuia hilo ni miguu yako juu ya pedali za usukani, yaani kile kibao cha wima kilicho mkiani. Maelezo yote yanayofuata yamejengwa juu ya hapo.

Programu na vifaa

Kwa mtu asiye na hela ya kutumia, FlightGear inatosha. Ni ya bure, inaendeshwa kwenye Windows, Linux na Mac, na J-3 Cub yake imetengenezwa kwa uangalifu kuliko ndege nyingi za kulipia. Mwenye kompyuta ya zamani anaweza kubaki na Flight Simulator 2004 au FSX, zote zinakuja na J-3 ndani. X-Plane 12 inakuja na PA-18 Super Cub, ambayo ni mdogo wake mwenye misuli: ina flapu na injini kubwa zaidi, kwa hiyo mwendo uliotajwa humu usiutumie huko. Microsoft Flight Simulator ya 2020 ina Savage Cub, ndege ya kisasa iliyochukua umbo tu.

Joystiki inayozunguka kwenye shina lake, kama Logitech Extreme 3D Pro, ndiyo kiwango cha chini cha kujifunzia. Pedali halisi ni bora zaidi, maana mkono unapozungusha joystiki huisukuma pia pembeni bila wewe kujua, na mbawa zinalala wakati ulitaka kugeuza pua tu. Kipanya? Katika FlightGear unabonyeza Tab hadi kielekezi kigeuke alama ya msalaba, kisha kipanya kinaongoza fimbo, na ukishikilia kitufe cha kushoto kinaongoza usukani. Kinafaa hewani. Kwa kutua na upepo wa pembeni usijisumbue.

Kabla ya kuruka, zima msaada wa usukani. Katika FSX na FS2004 ni kile kisanduku cha Autorudder kwenye ukurasa wa uhalisia, na vile vitelezi vya torque, P-factor na gyro (nguvu za propela zinazovuta pua pembeni) vipeleke mwisho wa kulia. Katika FlightGear hakikisha auto-coordination haijawashwa. Msaada huu ukibaki, programu inakukanyagia pedali kimyakimya na hutajua ndege inataka nini. Wengi wanaosema Cub ya simuleta "haina maisha" wameuacha ukiwaka.

Joystiki yenyewe ilegeze kidogo: katikati acha asilimia 3 hadi 5 isiyohisi kitu, na kwenye mhimili wa kuzungusha asilimia 5 hadi 8. Elevata, yaani kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, ipunguzie ukali kwa takriban asilimia 30 karibu na katikati. Springi ya joystiki ya mezani ni fupi, fimbo ya Cub ni ndefu. Bila kupunguza ukali, sentimita moja ya mkono inainua pua kupita kiasi na utakuwa unaifukuza juu na chini mpaka igonge ardhi.

Jambo la mwisho ni kasi ya picha. Ikishuka chini ya fremu 30 kwa sekunde, amri ya mguu inafika imechelewa na ndege tayari imekwishageuka. Punguza mawingu, vivuli na wingi wa miti. Mandhari ya FlightGear huteremshwa kwa TerraSync wakati unaruka, basi kama bando ni la kubahatisha, tembelea uwanja unaoutaka mara moja mtandao ukiwa mzuri ili data ibaki kwenye diski.

Mahali pa kukaa na mahali pa kutazama

Rubani akiwa peke yake kwenye J-3 hukaa kiti cha nyuma, kwa sababu ya mizani. Weka kamera hapo. Ndege ikiwa imesimama, hutaona njia mbele yako. Utaona kiti cha mbele, geji na pua iliyoelekea mbinguni. Hiyo ndiyo hali halisi, usiinue kamera juu ya paa ili "uone vizuri". Inua sentimita chache tu, panua pembe ya kuona hadi nyuzi 70 au 80, kisha panga vitufe viwili vya joystiki: kimoja kitazame kushoto nyuzi 30, kingine kulia nyuzi 30. Utavitumia kila utakapotua. Mlango uko upande wa kulia, nusu yake inafunguka juu kwenye ubawa na nusu inashuka chini. Ukiufungua, upande huo utaona ardhi kwa raha.

Mwendo wa kukariri

Geji ya Cub inasoma maili kwa saa. Maandishi ambayo simuleta inaweka pembeni ya skrini mara nyingi yanasoma noti (maili za baharini kwa saa). Hapa ndipo kutua kwingi kunapoharibikia: mtu ameambiwa aje na 55, anakuja na noti 55, ambazo ni maili 63, na ndege inaelea hadi nusu ya njia inakwisha. Soma geji, zima maandishi.

Ndege hupoteza mnyanyuo karibu na maili 38 kwa saa (noti 33). Kupanda ni 55 hadi 60. Safari ni 75, sawa na kilomita 120 kwa saa, basi usipange kwenda mbali. Kuja kutua ni 55 hadi 60. Usivuke 122 kamwe. Mizunguko ya injini isizidi 2,300 kwa dakika.

Kuwasha

Kwa kuwa hakuna starta, ndege halisi huwashwa kwa kuzungusha propela kwa mkono. Simuleta nyingi zimeweka kitufe badala ya mkono huo; katika FlightGear ni herufi s, na swichi ya magneto, yaani vifaa viwili vinavyoipa injini cheche, hupandishwa kwa }. Mpangilio ni huu:

1. Bomba la mafuta wazi. Hita ya kabureta imezimwa.
2. Pampu ndogo ya kudungia mafuta: mara 2 injini ikiwa ya uvuguvugu au hali ya hewa ya joto, mara 4 hadi 5 asubuhi ya baridi. Ukizidisha, silinda zinalowa na injini inakohoa bila kushika. Ikitokea hivyo funga magneto, fungua resi yote, zungusha propela mara kadhaa kutoa mafuta, uanze upya.
3. Mkono wa resi usogeze mbele kama sentimita moja.
4. Fimbo nyuma hadi kwenye tumbo, breki zimekanyagwa.
5. Magneto kwenye BOTH (zote mbili), kisha zungusha.

Ikishika, tazama shinikizo la oili. Lisipoinuka ndani ya sekunde 30, zima. Iache ipate joto kwenye mizunguko 800 hadi 1,000, halafu panda hadi 1,600 ujaribu magneto moja moja: kila moja ikiachwa peke yake, mizunguko ishuke kidogo, isizidi kama 75 hadi 100. Isiposhuka hata kidogo usifurahi, pengine swichi haikukata ile nyingine. Vuta hita ya kabureta uone mizunguko ikipungua, kisha irudishe.

Kutembea ardhini

Fimbo ibaki nyuma ili mkia ukandamizwe. Tembea mwendo wa mtu anayetembea haraka. Kwa kuwa mbele huoni, piga nyoka: pinda kushoto, tazama kulia mwa pua, pinda kulia, tazama kushoto. Pedali inakubali polepole, na ikishakubali inazidisha, kwa hiyo kanyaga, achia, kisha kanyaga kidogo upande wa pili kabla pua haijafika unakotaka. Breki za Cub hukanyagwa kwa kisigino na hazina nguvu. Kwenye simuleta breki mara nyingi ni kitufe chenye nguvu zote au hakuna, na ukikibana ukiwa kasi ndege inainama na propela inachimba ardhi. Gusa-gusa tu.

Upepo ukitoka mbele kwa pembeni, lalia fimbo upande unaotoka upepo. Ukitoka nyuma, sukuma fimbo mbele na upande ambako upepo unakwenda.

Kupaa

Simama katikati ya njia, nenda mbele mita mbili tatu ili gurudumu la mkia linyooke. Chagua alama ya mbali: mti, jengo, wingu. Sukuma resi yote kwa kuhesabu moja hadi tatu, si kwa kusukuma ghafla. Propela inazunguka kama saa ukiitazama kutoka kitini, na kila kinachotokana nayo sasa kinavuta pua kushoto. Mguu wa kulia uwe unafanya kazi kabla hujaona pua ikienda.

Kwenye maili 25 hivi, peleka fimbo mbele taratibu hadi mkia uinuke na njia ionekane. Hapa pua itaruka kushoto mara ya pili. Propela inayozunguka, ikiinamishwa mbele, hujibu kwa kugeuka pembeni. Ukiinua mkia haraka, mvuto huo ni mkali; ukiinua polepole, unautosheleza kwa mguu. Wanaoanza huuinua mkia kwa pupa, wanaona pua imetoka, wanakanyaga kulia hadi mwisho, inarudi kupita kiasi, na kutoka hapo ni vita ya kushoto kulia. Dawa ni kukanyaga kidogo na mara nyingi, miguu isitulie.

Karibu na 40 hadi 45 ndege inakwenda yenyewe. Iache ipate 55 ndipo uinue pua. Usawa wa bahari, ukiwa peke yako, tarajia kupanda kama futi 400 hadi 450 kwa dakika.

Hewani

Panda hadi futi 2,000 juu ya ardhi, weka mizunguko karibu 2,150, zungusha mkono wa trimu (kirekebishi cha mzigo wa fimbo) ulio ukutani kushoto mpaka fimbo isidai nguvu. Jaribu sasa kulaza fimbo kushoto bila mguu. Kabla ya kugeuka kushoto, pua itasogea kulia. Eleroni, yaani kibao cha ubawa kinacholaza ndege, inayoshuka inakokota hewa zaidi kuliko inayoinuka. Ndiyo sababu kwenye Cub mguu huingia pamoja na mkono, hata mbele yake kidogo.

Zoezi lenye faida kuliko yote: chagua wingu moja mbele ya pua, laza ndege nyuzi 20 kushoto, kisha 20 kulia, kushoto, kulia, na pua isitoke kwenye wingu. Dakika kumi za hilo zitakufundisha kuliko saa tatu za kuzurura juu ya miji.

Halafu toa resi, zuia urefu kwa kuendelea kuvuta fimbo hadi ndege ikose mnyanyuo. Pua ikidondoka, peleka fimbo mbele, ongeza resi, na ubawa unaolala uinue kwa mguu wa upande wa pili, si kwa eleroni. Ukitumia eleroni, ubawa ulioshuka unazidi kukosa mnyanyuo na ndege inaingia kwenye mzunguko wa kuanguka. Rudia mpaka uutambue ulegevu wa fimbo unaotangulia, kwa sababu kutua kwa Cub ni kitendo hichohicho, ila kwa sentimita thelathini juu ya nyasi.

Kutua

Kwa mazoezi ya mwanzo ondoa hali ya hewa ya moja kwa moja, weka upepo wa noti 3 hadi 5 unaokuja usoni. Uwanja wa Lock Haven wenyewe, KLHV, uko kando ya mto Susquehanna na unafaa. Kwetu, Zanzibar (HTZA) ni pazuri kwa sababu njia yake ni ndefu, iko karibu na usawa wa bahari na imelala kaskazini-kusini: kukiwa na kusi tua njia ya 18 (kuelekea kusini), kukiwa na kaskazi tua 36 (kuelekea kaskazini), na mara nyingi upepo utakuja usoni.

Pita sambamba na njia kwenye futi 800, mwendo wa maili 70 kwa saa. Ukifika usawa wa mwanzo wa njia, vuta hita ya kabureta kwanza, kisha toa resi. Trimu hadi 60. Geuka, geuka tena, ukiwa umenyooka mbele ya njia uwe na 55 hadi 60. Ukiwa juu mno hakuna flapu za kukusaidia. Telezesha ndege ubavu: laza ubawa wa kushoto, kanyaga mguu wa kulia, pua ielekee kulia kidogo huku ndege ikiendelea kunyooka na njia. Itashuka haraka bila kuongeza mwendo. Geji ya mwendo inaweza kudanganya katika mteremko huo, basi shika mkao wa pua, usiifukuze sindano.

Urefu wa mita tatu hivi, anza kuvuta fimbo. Acha kutazama mbele ya pua. Tazama ukingo wa mwisho wa njia na, kwa kitufe cha kushoto, majani yanavyopita ubavuni. Skrini haina kina, na mwili hausikii ndege ikizama, kwa hiyo jicho la ubavuni ndilo linalokupa urefu. Kwenye mita moja zuia isiguse. Vuta kidogo, subiri, vuta. Fimbo ifike mwisho kabisa ndipo magurudumu yote matatu yaguse kwa pamoja, geji ikiwa karibu na 40.

Ikidunda, sababu karibu kila mara ni moja: magurudumu ya mbele yaligusa kwanza ndege ikiwa bado inashuka. Mkia unadondoka, mbawa zinapata pembe kubwa zaidi, ndege inaruka tena. Silika inakuambia usukume fimbo. Usisukume, utagonga kwa pua. Mdundo mdogo: fimbo ibaki ilipo, resi kidogo, subiri. Mdundo wa juu: resi yote, mguu wa kulia, zunguka uje upya.

Sasa ndege iko chini na mtu anapumua. Hapo ndipo inapogeuka. Kadiri mwendo unavyopungua, hewa inayopita kwenye usukani inapungua, na kati ya maili 30 na 15 usukani umechoka wakati ndege bado ina mwendo wa kutosha kuzunguka. Endelea kuvuta fimbo, endelea kuchezesha miguu mpaka isimame. Ikianza kukuponyoka, gusa breki ya upande wa pili mara moja na uachie.

Upepo wa pembeni uongeze noti mbili mbili baada ya kumudu kutua kwa kunyooka. Laza ubawa upande wa upepo, nyoosha pua kwa mguu wa upande wa pili, gusa kwa gurudumu la upande wa upepo kwanza, na ukiwa chini endelea kuongeza eleroni hadi mwisho kadiri mwendo unavyoisha.

Nairobi na viwanja vya juu

Ukitaka kujua farasi 65 ni wachache kiasi gani, ruka Wilson, Nairobi. Uwanja uko juu ya futi 5,500, na mchana wa nyuzi 25 hewa yake ni sawa na ya futi 8,000 hivi. Injini inabaki na takriban farasi 50. Mbio za kupaa zinarefuka sana, na kupanda kunaweza kushuka chini ya nusu ya kule pwani. Ruka alfajiri, peke yako, na nusu tangi. Geji itasoma mwendo uleule wa 55 wakati wa kutua, nawe ufuate geji ingawa ardhi inapita mbio kuliko ulivyozoea. Hewa nyepesi ndiyo inayofanya hivyo, na ukipunguza kwa kufuata macho utadondoka kabla ya njia.

Kabureta na mafuta

Injini hii hupenda kuganda barafu kwenye kabureta, hata joto la nje likiwa nyuzi 20, hewa ikiwa na unyevu. Kwenye modeli zinazoiga hilo, dalili ni mizunguko kushuka polepole bila wewe kugusa resi. Vuta hita yote. Injini itatetemeka na kupoteza nguvu zaidi kwa muda wakati barafu inayeyuka. Wengi huogopa na kuirudisha ndani, injini inazima. Iache hadi mizunguko ipande yenyewe.

Tangi ni galoni 12 za Kimarekani, kama lita 45, na injini inakunywa lita 15 hadi 17 kwa saa. Geji ya mafuta ni waya uliosimama kwenye kizibo mbele ya kioo, chini yake kuna kipande cha gome jepesi kinachoelea ndani ya tangi. Waya ukizama, mafuta yanakwisha. Katika hewa yenye misukosuko waya huo unapanda na kushuka, kwa hiyo usome ndege ikiwa imetulia, na panga safari ya saa mbili, si zaidi.